Mapafu ya Mbuzi wa Ntheo

Hapa Kithyoko mama akitaka kumtisha mtoto asiyenawa mikono humwambia, "Utanuka kama Kasyoka." Kasyoka ni dada yangu. Mimi Henry ndimi kifungua mimba wa mama yetu, yeye ndiye kitinda mimba, na kazi yake ni kutibu mbuzi. Ni kweli ananuka. Ananuka dawa ya kupe, ananuka usaha, ananuka beberu. Lakini mimi nimekaa meza moja na watu wanaonuka sabuni na mafuta mazuri, watu ambao ukijua waliyotenda utaziba pua, na mmoja wao ni mimi mwenyewe. Kwa hivyo ngoja nieleze, halafu utaniambia mchafu ni nani.

Miaka ishirini na saba nilifanya kazi katika kiwanda cha saruji kule Athi River. Vumbi la saruji hukausha koo lakini halina harufu, nami nikajizoesha kuwa mtu nadhifu. Nilipostaafu nilirudi nyumbani nikanunua mbuzi wanane, maana mstaafu wa Ukambani asipokuwa na mbuzi watu huuliza kama alikuwa jela. Haukupita mwezi, mmoja akaota uvimbe chini ya sikio, mkubwa kama limau. Nikamwita Kasyoka.

Alikuja na ndoo yake ya plastiki. Akanyoa manyoya, akapaka ayodini, akachana kwa wembe mpya, akabana. Aka! Kilichotoka pale kilikuwa kizito, cha kijani, kama dawa ya meno iliyooza, na kikaendelea kutoka hata nikadhani mbuzi mzima atakwisha. Nilikimbilia nyuma ya choo nikatapika chai yote.

"Rudi hapa ushike hii mbuzi!" akanipigia kelele. "Na usikanyage hapo! Hii uchafu ikibaki kwa nyasi, mwaka ujao utakuwa na mbuzi kumi ziko na majipu."

Akakusanya usaha wote kwenye gazeti, akauchoma, akaosha kidonda, akanawa mikono mara tatu. Ndipo aliponitazama vizuri, akacheka mpaka akakaa chini. "Mzee wa kiwanda," akasema. "Kumbe tumbo lako ni la mtoto."

Hakuzaliwa akijua kazi hii. Aliacha shule darasa la nane, akaenda kukaa na mwanaume mmoja upande wa Yatta, na baada ya miaka miwili akarudi na mimba. Yule mwanaume hakuwahi kuleta kwetu hata kwato ya mbuzi. Baba akampa kibanda kando ya boma akamwambia achunge. Kisha parokia ikaleta mafunzo ya wiki sita ya afya ya mbuzi. Wanaume walihudhuria kwa ajili ya chakula cha mchana, na siku pilau ilipokosekana wakatoweka. Kasyoka alibaki mpaka siku ya mwisho. Baada ya hapo akamfuata daktari wa mifugo wa wadi miaka mingi, akimbebea sanduku, mpaka yule daktari akaanza kumwachia mambo madogo na kumwambia ampigie simu kwa makubwa.

Ana kipimajoto alichokifunga uzi na kibanio cha nguo. Akikiingiza nyuma ya mbuzi hubana kile kibanio kwenye manyoya ya mkia, kisipotelee ndani. Hufunua kope la chini la mbuzi: likiwa jekundu, sawa, likiwa jeupe, basi minyoo inanyonya damu. Huponda kinyesi kwa vidole akakinusa, nami hapo hugeuza uso. Lakini kinyesi hakinichefui nusu ya wanavyonichefua wenye mbuzi.

Kuna jirani ambaye ana sindano moja tu, imeshika kutu, na kwa hiyo moja huwadunga mbuzi arubaini, anatoka kwenye jipu anaingia kwenye chuchu. Mwingine mbuzi wake alishikwa na upele, akampaka oili chafu ya gari mwili mzima. Mbuzi akajilamba, akafa, na yeye akamchuna akala. Mwingine hudunga mbuzi dawa leo, na kesho akiona haponi humchinja, anauzia majirani nyama ile ikiwa bado na dawa, huku anatabasamu. Kefule! Mbuzi akipona husema ni Mungu. Akifa husema Kasyoka ana mkono mbaya. Halafu jioni wanarudi kumwita, "Kuja haraka, kuna mwingine amelala."

Homa ya mapafu ya mbuzi ndiyo aliyoiogopa zaidi. Ikiingia katika boma inaweza kumaliza mbuzi wanane kati ya kumi. Kinga yake ipo, lakini chupa moja ni ya mbuzi mia, na ikishafunguliwa lazima imalizwe siku hiyohiyo. Kasyoka alizunguka kijiji kizima akiomba watu waunganishe mbuzi wao wafike mia. Huyu akasema hawezi kuchanganya mbuzi wake na wa mlevi. Yule akasema wake hawaumwi. Mimi nilisema nitafikiria. Chanjo haikuja.

Sasa ni lazima niseme habari ya ntheo, maana hapo ndipo uoza ulipoanzia. Kwetu Wakamba mwanamume hajaoa mpaka apeleke mbuzi wa ntheo nyumbani kwa msichana. Hata mkiwa na watoto saba na picha za kanisani ukutani, bila mbuzi hao mwanamke si mke wa mtu, na kwa wazee neno lake ni jepesi. Akizungumza mbele ya wanaume wanamtazama kama mgeni aliyepotea njia. Kasyoka hakutolewa ntheo. Angeweza kuponya mbuzi wa kijiji kizima asubuhi, na mchana bado akaketi nyuma na watoto.

Ngina ndiye mjane wa ndugu yetu wa kati, marehemu Mwanzia. Yeye ntheo yake ilitolewa, mimi mwenyewe nilikuwapo. Alikuwa na mbuzi kumi na tisa, weupe, wa mbegu ya Galla. Misimu mitatu mahindi yalikuwa yamekataa, na shamba lake ni mawe matupu. Mbuzi wale ndio waliomsomesha binti yake Ann mpaka akapata kazi ya kushona nguo katika viwanda vya EPZ kule Athi River, ndio waliokuwa wakiwasomesha wadogo zake wawili, na maziwa yao ndiyo yaliyokuwa chakula cha nyumba ile. Ukiwaondoa mbuzi wale, Ngina hana kitu. Kila mtu alilijua hilo. Kasyoka aliwahudumia bure, akajua kikohozi cha kila mmoja na ukaidi wa kila mmoja.

Ann akapata mchumba hukohuko kazini, kijana anayeitwa Jeff, mzaliwa wa Mavoko, mpole, mbuzi anawajua kwenye sahani tu. Kwa kuwa hakujua kuchagua mbuzi, alimwachia mjomba wake aitwaye Aloys, mfugaji wa upande wa Mwala, atafute mbuzi watatu wa ntheo. Kwa upande wetu msemaji nilikuwa mimi, kwa kuwa Mwanzia hayupo.

Jumamosi ile walikuja na pikapu saa nne asubuhi. Wanawake wakafunga lango wakaimba, kama ilivyo desturi, wakwe wakasubiri juani wakicheka, na mimi nimesimama na suti yangu na fimbo nikijiona chifu. Mbuzi wakashushwa, wakubwa watatu, wamesuguliwa wakang'aa. Kasyoka alikuwa kando ya lango na wale waimbaji. Nikamwona akiacha kuimba.

Akanivuta mkono mpaka nyuma ya ghala.

"Kaka, hizo mbuzi ni wagonjwa. Iko na homa ya mapafu."

"Umeipima wapi?"

"Sijapima, nimesikia. Ile ya kwanza imekohoa mara mbili ikishuka. Ile nyeupe imenyoosha shingo na kupanua miguu ya mbele, haipati pumzi. Na angalia hapa," akajigusa upande wa shingo, "wote watatu wako na uvimbe wa sindano. Wamedungwa jana ama leo asubuhi ndiyo kikohozi kitulie. Kikohozi kinatulia, ugonjwa hautoki."

"Sasa unataka niseme nini kwa wakwe?"

"Usiwakatalie. Sema asante, lakini usichinje aliyedungwa, na zote zifungwe ng'ambo ya korongo wiki tatu, nne. Mimi nitazilisha, nitazidunga dawa. Lakini zisiingie kwa boma ya Ngina. Kaka, nakuomba. Zikiingia humo, Ngina amekwisha."

Nilimwelewa. Hilo ndilo linalonitia kinyaa mpaka leo, kwamba nilimwelewa kila neno. Nikaenda kwa Aloys, nikamvuta pembeni, nikauliza kwa sauti ya kubembeleza kama mbuzi wamechoka na safari. Aloys ni mtu mnene, mwenye pete mbili na kicheko cha kukaribisha wageni.

"Ni vumbi la barabara, muthoni wangu," akasema, akiniita mkwe kwa Kikamba huku akinishika bega. "Ama mbuzi zetu hazitoshi? Sema tu, turudi nazo."

Hapo nikanywea. Kumwambia mtu kwamba mbuzi wake wa ntheo hawafai ni kumwambia kijana wake hafai. Nikasema, "Hapana, hapana, karibuni sana." Basi tukaketi, wazee wa pande mbili, soda zikafunguliwa. Nilipokaribia kutamka kwamba mbuzi tumewapokea, Kasyoka akaingia katikati ya duara la wanaume na ile kanga yake yenye madoa ya ayodini.

"Wazee, mtanisamehe," akasema. "Hizi mbuzi ziko na homa ya mapafu. Zisiingie kwa boma."

Jeff akamtazama mjomba wake. Aloys akaweka soda chini polepole.

"Samahani," akasema, "huyu mama ni nani hapa?"

Wote wakanigeukia. Jasho likanitoka kwenye kola. Ningeweza kusema, huyu ndiye daktari wetu. Ningeweza kusema, huyu ni dada yangu, na katika kijiji hiki hakuna anayejua mbuzi kumshinda. Nilifungua mdomo na hiki ndicho kilichotoka:

"Kasyoka, wewe ntheo yako ilikuja lini, hata ujue mbuzi wa ntheo anavyofanana?"

Wazee wakacheka. Walicheka sana, mmoja akapiga goti. Aloys akapangusa machozi. Kasyoka alinitazama mara moja tu, bila hasira, kama anavyomtazama mbuzi ambaye ameshajua hatapona. Kisha akaondoka. Hata Ngina, aliyekuwa mlangoni pa jikoni, niliona amesikia, akainamisha macho kwenye sinia yake ya mchele.

Mbuzi wakapokewa. Wawili wakaingizwa katika boma la Ngina, wakachanganyika na wale kumi na tisa, wakaanza kunusana pua kwa pua. Wa tatu akachinjwa.

Aliyechinja alikuwa mtu wa Aloys, nami nilikaa karibu kwa heshima ya usemaji. Alipopasua kifua, maji ya manjano yakamwagika mpaka kwenye viatu vyake. Pafu moja lilikuwa limeganda kwenye mbavu kama ugali uliokauka kwenye sufuria. Lilikuwa gumu, jekundu la kuiva, lenye madoa ya kijivu, na alipolivuta likatoka na kipande cha nyama ya ubavu. Harufu yake siwezi kuieleza.

"Uncle, hiyo ni nini?" Jeff akauliza. Uso wake ulikuwa umekuwa wa majivu.

"Baridi," Aloys akasema. "Alilala kwa baridi kwa pikapu. Kata hiyo, zika."

Yule mchinjaji akakwangua mbavu kwa kisu, kwa haraka, akasuuza kwa maji, akafukia lile pafu kando ya mchongoma. Wazee wanne tuliona. Wanne! Mbuzi wa ntheo akionekana kaoza ndani ni bishara mbaya kwa ndoa, kwa hivyo kila mmoja wetu alikuwa na sababu nzuri ya kuwa kipofu. Baada ya saa moja nyama ikaletwa. Mbavu zilezile. Nikala. Nikasema tamu. Nikaomba pilipili.

Jioni, wageni walipoondoka, Ngina akanijia huku ameshika mikono mbele. Kwa desturi yetu mke wa ndugu mdogo hasemi mengi na shemeji mkubwa. Tangu aolewe nadhani hajawahi kunitazama usoni.

"Shemeji," akasema, "Kasyoka amesema leo si mwisho, bado naweza kuwatenga wale wawili. Nitenge?"

Unaona Mungu anavyokupa nafasi ya pili? Nami nilikuwa nimeshiba na nimesifiwa, na sikutaka ijulikane kwamba Kasyoka alisema kweli.

"Mbuzi wa ntheo hatengwi," nikamwambia. "Ukimtenga mbuzi umemtenga mkwe. Unataka Ann arudishwe?"

Akasema ndiyo shemeji, akaenda.

Aloys hakutosheka. Siku ya tatu alipiga simu kusema ukoo wake umetukanwa na mwanamke. Wazee wetu wakakaa, nami nikiwa mwenyekiti, tukamtoza Kasyoka mbuzi mmoja wa kusafisha kinywa. Sikio la kufa halisikii dawa, na letu lilikuwa limeshakufa kitambo. Kasyoka hakubisha. Aliomba jambo moja tu, kwamba mbuzi huyo achinjwe kwake, wazee wamfuate huko.

Tulienda. Akachinja mwenyewe, mbuzi jike aliyekuwa akikamuliwa, akapasua kifua taratibu mbele yetu, akafungua mbavu kwa mikono miwili.

"Sogeeni," akasema. "Msiogope, huyu hanuki. Haya ndiyo mapafu mazima. Yanafanana rangi ya ulimi wa mtoto. Ni mepesi. Nikibonyeza yanarudi. Hayajashika ubavu. Kifua hakina maji. Mmeona?"

Wazee wakatazama viatu vyao.

"Kaka, umeona?"

"Nimeona," nikasema.

"Basi kuleni."

Na tukala! Haki ya Mungu tulikaa kwenye viti vyake tukala, tukafuta mikono kwa majani, tukaenda zetu. Yule ndiye mbuzi mzima pekee niliyemla mwezi ule.

Siku ya kumi na mbili, mbuzi mkubwa wa Ngina, mama wa mapacha, alikataa kwenda malishoni. Kasyoka alikuwa akipita pale kila asubuhi na kipimajoto chake bila kuitwa. Joto lilikuwa limefika arubaini na moja na nusu. Akampigia daktari wa wadi, akapata dawa, akadunga wote waliokuwa na homa, akawatenga, akatengeneza boma la pili kwa miiba kwa mikono yake. Lakini walikuwa wamelala pamoja, wamekula pamoja, wamekoholeana puani siku kumi na mbili. Kikohozi kikaenea. Usiniulize nilisikiaje, kwangu ni hatua mia mbili, na nilikisikia kikianza kabla jogoo hajawika.

Mimi ndiye niliyeitwa kusaidia kufukia. Povu lilikuwa likiwatoka puani, wanakoroma, ndimi nje, wengine wamekufa wamesimama wakiegemea miiba kwa sababu kulala kuliwauma. Kasyoka alimpasua wa kwanza ili daktari apelekewe kipande cha pafu. "Shika hapa, kaka," akaniambia, akinionyesha mbavu. Nikashika. Maji ya manjano yakanimwagikia mikononi, ya uvuguvugu, na pafu lilikuwa kama lile la mbuzi wa ntheo niliyekula mbavu zake kwa pilipili. Sikutapika. Kutapika kungekuwa nafuu.

Kufikia wiki ya tano, kati ya kumi na tisa wamebaki wanne, na hao wanne wamekonda, wanakohoa, hawana maziwa. Kwangu walikufa watano. Majirani watatu nao wakaguswa, maana mbuzi wetu hukutana kwenye kisima. Wadogo zake Ann wakarudishwa nyumbani kutoka shule. Ngina alikaa mlangoni pa boma tupu, ameshika kibuyu cha kukamulia, hakulia, wala hakuniuliza kitu.

Ann na Jeff walipopata habari walikuja mbio. Jeff alinivuta pembeni, macho mekundu.

"Mzee, lazima nikuambie ukweli. Nimeenda kwa Uncle Aloys, Mwala. Boma yake iko empty. Mbuzi zake zilikuwa zinakufa tangu mwezi wa saba. Zile tatu zilikuwa za kwake, zilizobaki. Alizidunga akatuletea. Mimi sikujua, mzee, naapa."

Ndiyo, Aloys ni mwizi, ana roho ya fisi, na laiti ningempata siku hiyo. Lakini Aloys hakujua mbuzi wa Ngina ni nini kwa Ngina. Mimi nilijua. Nilimtukana Aloys mbele ya Jeff kwa sauti kubwa, nikimwita mchafu, na huku natukana nikahisi ninajipangusa mikono kwa shati la mtu mwingine.

Siku iliyofuata daktari wa kaunti akaja, binti mdogo mwenye gambuti na daftari, pamoja na wachanjaji. Soko la mbuzi likafungwa kwa karantini. Watu wote tukakusanyika nje ya boma la Ngina, wale wenye sindano ya kutu, wale wa oili chafu, wazee wenzangu watatu wa mbavu, sote tumevaa nyuso za msiba. Wale waliokataa kuunganisha mbuzi mia sasa walikuwa wakisukumana kwenye foleni ya chanjo. Mmoja akanyoosha mdomo kumwonyesha Kasyoka akisema kwa sauti ya chini kwamba labda ugonjwa aliuleta yeye kwa ndoo yake. Na mimi nilimsikia.

"Nahitaji kujua uliingiaje," daktari akasema, kalamu tayari. "Nani alikuwa wa kwanza kuona dalili? Na ilikuwa lini?"

Kila mtu akanitazama, kwa kuwa ndimi msemaji. Kasyoka alikuwa amechuchumaa kando ya ndoo yake, anaosha kipimajoto. Nilimtazama Jeff, nikafikiria aibu ya wakwe. Nikafikiria wale wazee. Nikafikiria jina langu. Nilikuwa nimeshapewa nafasi mbili, hii ilikuwa ya tatu.

"Hakuna aliyeona, daktari," nikasema. "Mbuzi waliingia wakiwa wazima kabisa. Huu ni ugonjwa wa upepo."

Kasyoka hakuinua kichwa. Akakikung'uta maji kile kipimajoto, akakifunga kwenye kitambaa chake.

"Andika Kasyoka."

Sauti ilikuwa ya Ngina. Alikuwa ametoka mlangoni, amesimama mbele ya wanaume wote, hakujifunika, hakuinama.

"Kasyoka alisikia kikohozi siku ile ile, kabla mbuzi hawajashuka vizuri kwa gari," akamwambia daktari. "Alisema mbele ya wazee wote wasiingie. Mimi nilikuwa jikoni, nilisikia kila neno na nikanyamaza. Hiyo pia andika."

"Sasa kwa nini hawakutengwa?" daktari akauliza.

"Alinyamazishwa."

"Na nani?"

Ngina akageuka, akanitazama usoni, machoni kabisa, mara ya kwanza tangu aje kwetu kama bibi harusi. Akainua mkono wake akaninyooshea kidole.

"Na huyu mzee."

Daktari akafungua ukurasa mpya, akaniuliza majina yangu matatu na namba ya kitambulisho, na mimi nikamtajia.